Sura Ambayo Mzee Kazi Alishindwa Kuiandika

Simiyu mwanangu,

Sikuulizi kama u mzima, maana nakusikia hapo chumba cha pili ukifungua begi na kulifunga tena. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Nimetoka shifti ya asubuhi, nimepika, umekula, umeshukuru, na sasa nimekaa jikoni, nje kukiwa bado kweupe, kwa kuwa jua la majira haya huku Uingereza halina haraka ya kwenda kulala.

Mambo ya soksi na dawa ya kifua sitayaandika. Jeshi litakufundisha soksi kuliko mimi. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Najua unakisikia vizuri na kunijibu kwa Kiingereza, na najua kukisoma kutakupa kazi. Soma polepole, kwa sauti ikibidi. Kwa Kiingereza mimi nina maneno ya kazini tu, umelalaje, geuka kidogo, pole sana. Ninayotaka kukuambia hayaenei humo.

Siku uliyoniambia umechukuliwa, ulisimama mlangoni ukiwa bado na koti. Nikauliza umechukuliwa na nani. Ukasema, jeshi. Kisha ukasema unataka kuwa kama baba yako. Mimi nikasema, "Sawa," nikaendelea kusugua sufuria iliyokuwa safi tayari. Ulidhani nimekasirika, ukaenda kulala bila kula. Sikukasirika. Nilimkumbuka mzee mmoja, na nikakosa pa kuanzia. Wiki zote hizi nimekosa pa kuanzia. Sasa kesho unaondoka, basi nianze naye.

Ulikuwa shule ya msingi wakati ule. Mimi nilikuwa nahudumia wazee majumbani, natoka nyumba hii naingia ile, na mmoja wao alikaa mtaa wa Castle Vale, hapa Birmingham, ghorofa ya chini. Alikuwa Mpolandi, jina lake Kazimierz. Ulimi wangu ulishindwa, nikawa namwita Mzee Kazi. Alipouliza maana yake nikamwambia, akacheka mpaka akakohoa, akasema katika maisha yake hajapata kuitwa jina la kweli kuliko hilo.

Siku ya kwanza nilimkuta amekaa kitandani, mtu wa miaka zaidi ya tisini, mwembamba, nywele zimechanwa. Akanitazama, akaniuliza kwa Kiingereza ninatoka wapi. Nikasema Kenya. Akawa kama anatafuta kitu mfukoni, kisha akasema, "Maji ya moto. Pole pole. Lala salama."

Nilikaa chini, Simiyu. Nilikuwa nimepanda mabasi mawili kwenye mvua, na mzee wa Kizungu ananiambia lala salama.

Maneno hayo alifundishwa na mkewe, Hanna, ambaye alikuwa amekwisha kufariki. Wakati wa vita vile vikubwa, Hanna alikuwa msichana mdogo, akapelekwa na mamake pamoja na Wapolandi wengine kwenye kambi ya wakimbizi Tanganyika, karibu na Arusha. Akakulia huko, akila mahindi ya kuchoma na kuzungumza Kiswahili na wauza maziwa. Mzee mwenyewe hakuwahi kufika Afrika Mashariki. Yeye na wazazi wake walitolewa kwao na Warusi, wakapakiwa kwenye gari moshi la mizigo, wakapelekwa kukata miti kwenye misitu yenye theluji. Baba yake alizikwa huko. Yeye akatoka na jeshi la Wapolandi kupitia Uajemi, wakazunguka jangwani, hatimaye wakapelekwa Italia kupigana na Wajerumani. Alikuwa na umri kama wako wewe sasa. Vita vilipokwisha, kwao kulikuwa kumechukuliwa na Warusi, hakuna nyumba ya kurudi. Akaletwa Uingereza, akaja Birmingham, akafanya kazi kiwanda cha magari mpaka alipostaafu.

Na jioni, akitoka kiwandani, aliandika riwaya za vita.

Hilo sikulijua mwanzoni. Nilidhani vitabu vile rafuni ni vya kusoma, mpaka nilipokuwa nafuta vumbi nikaona jina moja kwenye migongo yote. Aliandika kwa Kipolandi, juu ya meza ya jikoni, Hanna akishona upande wa pili. Vilichapishwa na Wapolandi wenzake wa huku, vingine vikaingizwa kwao kwa siri, kwa kuwa serikali ya kule ilivikataza, vimefichwa ndani ya mikate, watu wakisomeana usiku madirisha yamefungwa. Kwa hiyo yule mtu niliyekuwa nakata kucha zake, kuna nchi nzima ambako wazee wa umri fulani wangesimama akiingia chumbani. Hapa Castle Vale, jirani alimjua kama mzee anayelalamikia mapipa ya taka.

Nilimuuliza kwa nini aliacha kuandika, maana kitabu cha mwisho kilikuwa cha zamani. Akasema, "Sijaacha. Kuna sura moja inanishinda." Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na mgonjwa mwingine Kings Heath, upande mwingine wa mji, na ukichelewa huku wanapiga simu ofisini.

Basi siku moja mchana, nikiwa nampashia supu, kengele ikalia. Mlangoni kulikuwa na mwanamume wa makamo amevaa suti, viatu vimepigwa rangi, na mkono mmoja ameshika kitabu kilichochakaa. Akajitambulisha, anaitwa Marek, ametoka Poland kumtembelea binti yake anayefanya kazi hapa, na amemtafuta mwandishi huyu kwa muda mrefu. Nikamkaribisha.

Mzee alipotajiwa jina la ukoo wa yule mgeni, aliweka kijiko chini.

Babake Marek aliitwa Jozef. Alikuwa kikosi kimoja na Mzee Kazi kule Italia. Vita vilipokwisha yeye alirudi kwao, akaoa, akamzaa Marek, akafa Marek akiwa bado mtoto. Na katika miaka hiyo michache hakusema neno hata moja juu ya vita. Kwa hiyo Marek alimjua babake kutoka kwenye kile kitabu. Mle ndani yumo Jozef, kwa jina lake kamili, na kuna mahali wanapanda kilima cha mawe wakipigwa risasi kutoka juu. Mwenzao mmoja anaanguka katikati, mahali peupe, anaita. Jozef anatoka nyuma ya mwamba, anamwendea, anambeba mgongoni, anarudi naye. Marek alisimulia yote hayo amesimama, kama mtoto anayesoma shairi mbele ya mwalimu. Alisema mwanawe amempa jina la Jozef. Alisema mwaka ule anataka kuwapeleka wanawe wote Italia, kwenye kilima hicho, na amekuja kuuliza jambo moja tu. Mwamba ule uko upande gani.

Mpaka hapo walikuwa wakiongea Kipolandi, na Marek ndiye aliyekuwa akinigeuzia Kiingereza kwa heshima, nisikae kama gogo. Mzee akamshika mkono.

"Sasa tuongee Kiingereza," akasema. "Na Mama Simiyu asiondoke."

Marek akashangaa. "Kwa nini Kiingereza, bwana?"

"Kwa sababu Kipolandi nakijua mno. Nikianza tu, nitapamba. Kiingereza changu ni cha kiwandani. Hakina mapambo."

Kisha akamwambia. Kilima kilikuwepo na risasi zilikuwepo. Mwenzao alianguka kweli mahali peupe, na akaita kweli. Lakini Jozef hakutoka. Aliyetaka kutoka ni yeye, Kazimierz, kijana mjinga, na Jozef akamshika mkanda kwa nyuma, akaung'ang'ania kwa mikono miwili, akimtukana na kulia. Kazimierz akampiga viwiko usoni amwachilie. Jozef hakuachilia. Yule wa katikati aliita, aliita, kisha akanyamaza. Usiku walipoteremka, Jozef alikuwa amevimba midomo, na hawakuzungumza.

"Hakumbeba mtu," Mzee akasema. "Alinishika mimi. Mimi nikaandika vile kwa kuwa niliona haya, na nilitaka kumpa zawadi."

Marek alifunga kitabu, akakitia kwenye mfuko wa koti, hakikuingia vizuri, akakisukuma. Akanishukuru mimi kwa chai ambayo hakuinywa. Akatoka.

Nikamfuata nje. Alikuwa amesimama karibu na maegesho, amegeukia ukuta. Nilimwambia pole. Akasema, "Mama, mimi nimewasimulia wanangu hadithi hii wakilala. Miaka yote." Nilimpa tu leso za karatasi, zile ambazo huwa mfukoni kwangu sababu ya kazi.

Niliporudi ndani nilikuwa nimewaka. Sijawahi kumsemesha mgonjwa vile, kabla wala baada. Nilimwambia, "Mzee, ungenyamaza. Mtu ametoka mbali amevaa suti. Ungepungukiwa na nini ukimwonyesha mwamba wowote?"

Akaniambia, "Angewapeleka wajukuu wa Jozef kilimani, akaweka maua kwenye jiwe ambalo halipo. Na Jozef mwenyewe angebaki wapi?"

Nikamwambia hilo ni jambo la waandishi, na watu wa kawaida wanahitaji kitu cha kushika. Nikamlisha supu iliyopoa bila kuipasha tena. Ndivyo nilivyokuwa na hasira.

Ndipo aliponieleza ile sura iliyomshinda. Alikuwa amejaribu kwa miaka kuandika upya kilima kile, kama kilivyokuwa. Kila akianza, akifika pale mwenzao anapoita, Jozef anamponyoka, anatoka nje kwenye mawe kwenda kumbeba. Kalamu haikubali kumwacha nyuma ya mwamba. "Najua kuandika mtu anayekimbia kwenye risasi," aliniambia. "Mtu anayemshika mwenzake mkanda, sijui." Hanna alikuwa akimwambia aache, wasomaji wanaipenda ilivyo. Alijibu kwamba hilo ndilo linalomnyima usingizi.

Nilikwenda nyumbani siku ile nikiona yule mzee ni mkatili. Nilikosea, na kosa lenyewe nilichelewa kuliona.

Marek alirudi. Sikumtarajia. Jumapili ya pili yake nikamkuta amekaa kando ya kitanda, hana suti, amevaa sweta. Aliniambia hakuweza kupanda ndege kurudi. Akamgeukia Mzee, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Nimekuja tena. Sasa niambie alikuwaje."

"Nani?"

"Baba yangu. Siku ambazo hakukuwa na kilima."

Simiyu, nilikuwepo, na nasikitika siwezi kukuletea sauti yao. Mzee akaanza na vitunguu. Jozef alitia vitunguu kwenye kila kitu, hata mahali ambapo vitunguu havina kazi, na kikosi kizima kilinuka kwa ajili yake. Jozef alipiga mluzi kwa kuvuta pumzi ndani badala ya kuitoa. Hapo Marek akaweka mkono mdomoni. Alikuwa amesahau kabisa kwamba utotoni aliusikia. Akajaribu palepale, akapiga mluzi kwa kuvuta ndani, Mzee akafumba macho, akasema, "Huyo. Huyo ndiye."

Alimwambia Jozef alimwogopa mng'oa meno kuliko mizinga, kwamba aliiba zabibu kwenye shamba la padre kisha akarudi kuziungama kwa padre huyohuyo. Alimwambia pia kwamba baada ya kilima, Jozef aliosha ule mkanda wa Kazimierz, akausugua kwa mchanga, akamrudishia bila neno. Na Marek akawa anacheka na kulia kwa zamu, na hakuuliza tena habari za mwamba.

Alibaki Birmingham zaidi ya alivyopanga, akawa anakuja kila Jumapili. Mzee Kazi alikufa majira ya baridi, usingizini, na ile sura haikuandikwa. Kwenye mazishi, Marek ndiye aliyezungumza. Hakusema habari za ushujaa. Alisema, huyu ndiye aliyenirudishia baba.

Sasa nikuambie nilipochelewa. Juma lile la mazishi ulirudi kutoka shule, ukaniambia mmetakiwa mzungumze darasani juu ya mtu wa familia. Ukaniuliza kwa Kiingereza, "Dad alikuwa mtu wa namna gani?" Nikasema, "Alikuwa mtu mzuri. Askari hodari." Ukauliza, "Na nini kingine?" Nikasema nimechoka, tutaongea. Nilikuwa nimechoka kweli, nilikuwa nafanya zamu mbili. Lakini nilikuwa nimetoka kumzika mtu aliyenionyesha jinsi ya kulijibu swali hilo, na bado nikakupa maneno mawili. Ukaenda ukasimama darasani na maneno hayo mawili. Umekua nayo. Leo umeyafungia begi.

Huwezi kumkumbuka baba yako. Ulikuwa hujatembea. Kwenye maziko yake kule Kitale walimwita shujaa, na bendera ilikuwepo, na ile picha ya sare uliyonayo ndiyo waliyoitumia. Unajua kwamba alikufa lori la jeshi lilipopinduka kwenye mvua. Hilo sikukuficha. Lakini mtu hakai kwenye kifo chake wala kwenye picha, na mengine yote nilikunyima kwa kuchoka.

Basi sikiliza. Wafula, baba yako, aliogopa giza. Mtu mzima, askari, alikuwa ananiomba niache taa ya ukumbini ikiwaka, na nikimcheka alisema taa ni ya wageni wakija. Wageni gani hao wa saa nane. Alikula kiporo cha ugali na chai, akiumega ndani ya kikombe, na hakuna aliyeweza kumwachisha. Kanisani aliimba kwa sauti ya juu, vibaya, na wanakwaya walikuwa wakimgeukia. Alipiga pasi vizuri kuliko mimi. Akikasirika alifua nguo, hata safi. Wewe ukikasirika unapanga viatu mlangoni, na mara ngapi nimekutazama nikashindwa kukuambia.

Alipenda mageti. Tukipita mji wowote alikuwa hatazami nyumba, anatazama geti, anasimama mbele ya geti la mtu asiyemjua na kupapasa mahali lilipounganishwa. Alikuwa fundi wa kuchomelea kabla ya jeshi, na jeshini aliingia kwa kuwa mjomba wake alisema kuna nafasi na nyumbani hakukuwa na kitu. Hakuwa na chuki nalo. Aliamka, akaenda, akarudi. Lakini hakulipenda, Simiyu. Likizo yake ya mwisho aliniambia mkataba ukiisha hatatia saini tena. Alikuwa amekwisha kuona kiwanja kando ya barabara ya kutokea Kitale, pa kufungulia karakana. Aliniambia, "Nitakuwa natengeneza mageti tu. Mtu akitaka kiti aende kwingine." Kisha mvua ikanyesha, na lori, na bendera.

Sikuandikii haya ili ushuke kwenye treni. Nimewaza sana kama ni hivyo, na nadhani si hivyo, ingawa mama hajui moyo wake wote. Ukitaka jeshi kwa kuwa ni wewe unalitaka, nenda, nitakusindikiza mpaka stesheni na sitalia mbele ya wenzako. Lakini kama unakwenda kumfuata mtu aliyelipenda, mtu huyo nilimtunga mimi kwa maneno mawili. Wafula hayuko huko. Ukimtafuta kambini hutampata.

Na jambo la mwisho, kisha niache, mkono umeniuma. Ulipozaliwa alikataa kukubeba. Alisema mikono yake imezoea chuma, atakuvunja. Alikuwa akikutazama kwa mbali, mikono nyuma, kama anayekagua gwaride. Alasiri moja nilitoka sokoni nikamkuta sakafuni, ameegemea ukuta, miguu ameinyosha, wewe umelala juu ya mapaja yake. Sijui ilikuwaje. Nadhani ulilia na hakukuwa na mwingine. Nilitaka kukuchukua, akaninong'oneza, "Mwache, usimwamshe." Nikapika, nikafua, nikaanua nguo. Ulipoamka, miguu yake ilikuwa imekufa ganzi yote miwili, hakuweza kusimama. Nilimvuta mkono, akaanguka, nikaanguka juu yake, na wewe katikati unatutazama. Tulicheka mpaka jirani akabisha hodi.

Barua hii sitaiweka begini uisome ukiwa mbali. Naisukuma chini ya mlango wako sasa hivi, kabla hujalala. Ukimaliza, toka. Kama ni kuniuliza, uliza, na kama ni kukaa tu, tukae. Chai iko motoni na nimebakiza ugali.

Mama yako